Kachero Aliyeishia Forodhani

Jioni ya leo nataka tuzungumze habari za filamu. Nina maana ya filamu za upelelezi zilizotengenezwa Uingereza katika miaka ya arobaini, hamsini na mwanzoni mwa miaka ya sitini, kwa fedha kidogo, kwa haraka, na mara nyingi bila stelingi mwenye jina la kujaza ukumbi. Najua yupo atakayeuliza filamu hizo zinamhusu nini mtu wa Pwani. Zinamhusu. Filamu moja ya Waingereza hao, tena yenye fedha kuliko hizo nyingine, ilibeba jina la Zanzibar na kusimulia habari ya pembe za ndovu, ile bidhaa iliyoijenga Bagamoyo yetu. Ilifanya upelelezi, ikakamata watu, lakini nitawaeleza kwa nini mimi naona upelelezi wake uliishia njiani.

Tuanze na zile ndogo. Mwaka 1927 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyozitaka nyumba za sinema nchini humo zionyeshe kiasi fulani cha filamu za nyumbani, maana za Marekani zilikuwa zimefurika kila mahali. Wenye mitaji wakapata njia ya mkato: zitengenezwe filamu fupi za bei ya chini, sheria itimie, na faida kidogo ibaki. Utaratibu huo ukaacha desturi. Hata baada ya Vita Kuu ya Pili, mtazamaji wa London au Manchester aliyekata tiketi alipata picha mbili: ile kubwa iliyokuwa kwenye bango, na kabla yake ndogo, ya saa moja au zaidi kidogo. Hiyo ndogo mara nyingi ilikuwa ya upelelezi.

Kwa nini upelelezi? Kwa sababu ni hadithi inayojengeka kwa vitu vichache. Picha ya vita inataka majeshi, na picha ya wafalme inataka majumba na mavazi. Kachero anahitaji meza, simu, gari moja, mtaa wenye giza, mlango wa kubisha, na mtu asiyetaka kusema aliyoyaona. Ukishapata hivyo pamoja na mwandishi anayejua kuficha na kufichua, umepata filamu.

Kusini mwa London ilikuwepo studio ya Merton Park. Kuanzia mwaka 1953 hadi 1961 ilitoa mfululizo wa filamu fupi ulioitwa Scotland Yard, kila moja ya kama nusu saa hivi. Edgar Lustgarten, mwanasheria aliyegeuka mwandishi na mtangazaji, alikuwa akitokea mwanzoni, anamtazama mtazamaji machoni na kumweleza kesi. Halafu mwaka 1960 studio ileile ikaanza mfululizo mwingine uliotokana na vitabu vya Edgar Wallace, mwandishi wa hadithi za kusisimua aliyekuwa ameshafariki tangu 1932. Zilitengenezwa zaidi ya arobaini ndani ya miaka michache. Hadithi zilizoandikwa zamani zilihamishiwa wakati wa watengenezaji wenyewe, miaka ya sitini, na hapo waliepuka gharama za mavazi ya kale na magari ya kale. Watu wakaonekana wakivaa walivyokuwa wakivaa kweli na kupita mitaa iliyokuwa ikipitwa kweli.

Hapo ndipo ninapozipenda. Fedha hazikutosha kujenga mji wa bandia, kwa hiyo kamera ilitolewa nje. Ndani ya filamu hizo ndogo utaiona London iliyopigwa mabomu na haijajengwa upya, viwanja vyenye vifusi, nyumba za kupangisha chumba kimoja kimoja, vibanda vya chai, vituo vya reli usiku. Mwongozaji hakukusudia kuandika historia. Alikuwa anawahi kumaliza kazi. Lakini leo mtu akitaka kujua mtu wa kawaida wa London aliishije miaka ile, atajifunza mengi zaidi kwenye hizo picha za saa moja kuliko kwenye baadhi ya picha kubwa zilizopata tuzo. Ukata uliwalazimisha watazame kwao.

Huyu Edgar Wallace ana habari nyingine inayotugusa. Mwaka 1907 gazeti lilimtuma Kongo kuripoti mateso ya watu chini ya utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Baada ya safari hiyo akaandika hadithi kuhusu mtawala wa Kiingereza anayeamua mambo ya makabila ya mtoni huko Afrika Magharibi, na kitabu cha kwanza kikatoka 1911. Mwaka 1935 hadithi hizo zikageuzwa kuwa filamu, Sanders of the River, iliyoongozwa na Zoltan Korda. Paul Robeson, yule mwimbaji mkubwa Mwamerika mweusi, aliigiza chifu Bosambo, na baadaye akaikataa filamu hiyo hadharani kwa jinsi ilivyousifia ukoloni. Kijiji cha Kiafrika kilijengwa studio, karibu na London, na kati ya watu weusi waliokodiwa kujaza kijiji hicho alikuwemo mwanafunzi mmoja Mkikuyu aliyehitaji fedha ya kujikimu. Jina lake Jomo Kenyatta.

Tafakarini jambo hilo. Hadithi za Wallace zinazotokea London zina watu kamili: mwizi ana mke, mlinzi wa mlango ana hofu zake, mwenye nyumba ana deni. Hadithi zake za Afrika zina umati, na ndani ya umati huo amesimama mtu atakayekuwa rais wa kwanza wa Kenya, bila jina na bila neno la kusema.

Sasa tuingie kwenye filamu mbili ninazotaka kuziweka bega kwa bega. Zote mbili ni za studio moja, Ealing, chini ya mzalishaji Michael Balcon. Hazikuwa za bei ya chini kabisa kama zile za Merton Park, lakini hazikuwa na utajiri wa Hollywood pia.

Ya kwanza ni Pool of London, ya mwaka 1951, iliyoongozwa na Basil Dearden. Jina hilo ni la sehemu ya mto Thames inayozunguka daraja la Tower, mahali ambapo meli za mizigo zilikuwa zikitia nanga katikati ya jiji. Meli inaingia, mabaharia wanashuka kwa mapumziko ya siku mbili. Mmoja wao, Dan, ana mazoea ya kupitisha vitu vidogo vya magendo mbele ya maofisa wa forodha: sigara, soksi za wanawake, vitu vya namna hiyo. Magendo yake madogo yanamwingiza kwenye wizi mkubwa wa almasi uliomuua mlinzi. Rafiki yake, Johnny, baharia kutoka Jamaika, anajikuta amebeba mzigo asioujua. Johnny anaigizwa na Earl Cameron, mzaliwa wa Bermuda aliyeishi hadi mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 102. Katika filamu hiyo anafahamiana na msichana wa Kizungu, wanatembea mjini, wanazungumza kwa heshima, na kote kote mtazamaji anahisi jinsi London inavyomkubali nusu na kumkataa nusu. Kwa mwaka 1951 hilo lilikuwa jambo jipya katika sinema ya Uingereza.

Mtu wa bandarini akiitazama filamu hii ataielewa bila kufasiriwa. Yumo baharia anayejua ofisa yupi ni mkali na yupi hujifanya haoni. Yupo mtu wa gatini anayepokea kifurushi bila kuuliza. Ipo tamaa ndogo ya shilingi mbili tatu inayofungua mlango wa balaa. Polisi wanafuata uzi kutoka kwa mlinzi aliyekufa hadi kwa walioiba, na wahalifu wanatokana na watu wa mji uleule. London inajipeleleza yenyewe, na haijionei huruma.

Ya pili ni West of Zanzibar, ya mwaka 1954. Mwongozaji wake ni Harry Watt, Mskoti aliyejipatia jina kwa filamu za hali halisi. Miaka mitatu kabla yake alitengeneza Where No Vultures Fly, hadithi ya bwana nyama wa Kizungu huko Kenya anayepigania wanyama wasimalizwe, na ilipendwa sana Uingereza hata ikachaguliwa kuonyeshwa kwenye hafla ya kifalme mwaka 1951. Kwa hiyo akarudi Afrika Mashariki kuendeleza mambo. Bwana nyama ni yuleyule, Bob Payton, na anaigizwa na Anthony Steel. Safari hii kabila moja linahama kutoka ardhi iliyochoka na kuteremka pwani, vijana wao wananaswa na wafanyabiashara wa pembe, na Payton anafuata nyayo za pembe hizo toka porini hadi bandarini, majahazini na Unguja. Ni hadithi ya upelelezi iliyovaa nguo za safari. Ina rangi, ina bahari, ina matanga. Wahusika wakuu wawili Waafrika walipewa Orlando Martins wa Nigeria na Edric Connor, mwimbaji wa Trinidad, watu wenye vipaji vikubwa walioletwa kuwa watu wa huku.

Watu wa Visiwani walikuwa watazamaji wakubwa wa sinema, kama walivyokuwa wenzao wa Dar es Salaam waliokuwa na kumbi za Empire na Avalon. Sinema ilikuwa maisha yao ya kila wiki, na walijua filamu nzuri na mbaya.

Sasa nawaomba mchukue ramani, au mtoke tu nje mkasimame pale ufukweni karibu na gati. Ukiwa Unguja mjini ukatazama kusini-magharibi, ukavuka mkondo wote wa bahari, unafika wapi? Unafika hapa kwetu. Upande huo wa magharibi ya Unguja ndiko iliko Bagamoyo. Filamu hiyo ilizunguka zaidi upande wa Kenya, lakini habari inayoisimulia, ya pembe kutoka bara kushuka pwani na kuvuka kwa jahazi, kituo chake kikuu kwa sehemu kubwa ya karne ya kumi na tisa kilikuwa mji huu. Misafara ilitoka Ujiji na Unyanyembe, ikapita Ugogo, Mpwapwa na nchi ya Wakwere na majirani zao, si mbali na Ubena Zomozi ya leo, ikaingia hapa na wapagazi wengi, wengi wao Wanyamwezi, pembe zikiwa mabegani. Kulikuwa na wafanyabiashara waliowapangia wapagazi kazi na kuwakopesha wasafiri bidhaa. Aliyevuma zaidi ni Sewa Haji Paroo, ambaye utajiri wake ulijenga hospitali na shule tunazozikumbuka hadi leo. Pembe zilipakiwa majahazini, zikavuka kwenda Unguja, zikapimwa, zikauzwa tena.

Halafu? Hapo ndipo West of Zanzibar inaponyamaza. Payton anawafuata majangili, anamfuata dalali, anamfuata nahodha. Watu wabaya wanaofichuliwa ni watu wa pwani na wafanyabiashara wa mashariki, na bahari inafunga hadithi. Hakuna anayeuliza pembe zilikuwa zinakwenda kwa nani. Kachero ameishia forodhani.

Mimi sisemi watu wa pwani walikuwa malaika. Wapo wazee wa miji hii waliotajirika kwa pembe na kwa watumwa, na nyumba zao bado zimesimama, zingine zimebaki milango tu. Ukweli huo tuubebe. Ninachosema ni kwamba upelelezi wa kweli unafuata mzigo mpaka kwa aliyeulipia. Kama Payton angeendelea na safari, angefika Bombay, ambako pembe zilichongwa bangili za maharusi. Angefika Connecticut, Marekani, kwenye vijiji vya Deep River na Ivoryton, ambako viwanda vya Pratt, Read na vya Comstock, Cheney vilikata pembe za Afrika Mashariki kuwa vibao vya piano. Vibao hivyo viliwekwa juani ndani ya nyumba za vioo, safu kwa safu, mpaka viwe vyeupe. Pembe za upande wetu zilipendwa kwa sababu ni laini na hukatika bila kupasuka. Makampuni ya huko yalikuwa na mawakala wao Unguja, na mmoja wa mawakala hao, Ernst Moore, aliandika kitabu mwaka 1931 akisimulia biashara hiyo na gharama yake kwa binadamu. Marekani ilikuwa na balozi mdogo Unguja tangu mwaka 1837. Mambo hayo yote yalikuwa wazi, hayakuhitaji hata kachero.

Na angefika London. Pale gati ya St Katharine, jirani kabisa na daraja la Tower, lipo ghala lililojengwa katika karne ya kumi na tisa na kuitwa Ivory House kwa sababu humo ndimo zilimowekwa shehena za pembe. Maghala mengi ya gati hiyo yaliteketea kwa mabomu mwaka 1940, lakini hilo lilipona na limesimama hadi leo. Sasa kumbukeni ile filamu ya kwanza, Pool of London. Kamera ya Ealing mwaka 1951 ilikuwa palepale mtoni, hatua chache kutoka kwenye ghala hilo. Watu wa studio walipita jirani na jengo la pembe wakiwa wanatafuta wezi wa almasi. Miaka mitatu baadaye wakasafiri maelfu ya maili kuja kutafuta wezi wa pembe kwetu, na jengo lile lililokuwa jirani hawakulitazama.

Wala sidhani Harry Watt alikusudia ubaya. Alikuwa anapenda wanyama kwa dhati, na Where No Vultures Fly iliwafanya Waingereza wengi wajali mbuga za Afrika. Lakini filamu ikipata fedha ya kusafiri bila kupata mtu wa mahali inapokwenda, itakuja na macho iliyotoka nayo. Pool of London ilijua kila ngazi na kila kona ya gati lake, na ndiyo maana wahalifu wake ni watu. West of Zanzibar ilijua mandhari tu, na wahalifu wake wakawa sura za kuogopwa.

Kwa bahati nzuri kwenye pwani hii alikuwepo mtu mwingine aliyekuwa akifikiri habari za upelelezi wakati uleule, na kamera hakuwa nayo. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alifanya kazi ya ukaguzi wa afya vijijini kabla hajawa mhariri wa gazeti la Mkulima. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, na ikachapishwa kitabu mwaka 1960. Humo akazaliwa Bwana Msa, mtu wa kiko na mawazo marefu, na rafiki yake Najum, na Spekta Seif wa polisi. Abdulla alikuwa amewasoma makachero wa Kiingereza, Sherlock Holmes akiwa wa mbele, na hakuficha kwamba alijifunza kwao. Akachukua ufundi, akauacha ukungu wa London hukohuko.

Tazameni alivyofanya. Tajiri mwenye shamba anakutwa amekufa penye mzimu, na mahali pale watu wanapaogopa. Rahisi ingekuwa kusema mzimu umemchukua. Mzungu wa sinema angefurahia hilo, angepiga ngoma na kuwasha moto. Bwana Msa hakubali. Anauliza nani alikuwa wapi, nani anarithi, nani amedanganya kuhusu saa. Wanaojua siri ni watu waliomzunguka marehemu: ndugu, watumishi, majirani. Siri ya shamba la Unguja inafumbuliwa na mtu wa Unguja kwa akili ya mtu wa Unguja, na familia zenyewe, nasaba zao, aibu zao na mali zao ndizo ushahidi. Kisima cha Giningi kikafuata mwaka 1968, na vingine baadaye.

Bara nako Faraji Katalambula alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na Inspekta Wingo akaanza kuzunguka Dar es Salaam. Kitabu hicho ni chembamba, kina kasi, na kinaujua mji wake. Nikikisoma naona kabisa filamu ya saa moja: simu inalia usiku, mtu anainua mkono wa simu, na mambo yanaanza. Merton Park wangeitengeneza kwa wiki chache. Elvis Musiba akaja na kachero wake Willy Gamba miaka ya sabini, aliyetembea nchi nyingi na kupata wasomaji wengi sana, lakini nikiulizwa mimi, wapelelezi wanaokaa mjini kwao ndio wanaonifundisha zaidi.

Na waigizaji hawakukosekana hata wakati wa mkoloni. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini zilitengenezwa Tanganyika filamu za Kiswahili, na kwenye mojawapo, Muhogo Mchungu, aliyeigiza ni Rashidi Kawawa, kijana wa idara ya maendeleo ya jamii ambaye baadaye tulimjua kama waziri mkuu. Uso wa kuonekana kwenye turubai tulikuwa nao. Kilichokosekana ni mtu wetu kushika kamera na kuamua hadithi iishie wapi.

Siku hizi kamera imeshikwa. Tangu filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 na kipindi kile cha mwigizaji Kanumba, vijana wetu wametengeneza filamu nyingi kwa fedha kidogo kuliko hata zile za Merton Park. Vibanda umiza vimejaa watu, na wale mabingwa wa kutafsiri, Lufufu akiwa wa kwanza kujulikana, wamewafanya bibi zetu wafuatilie makachero wa nchi wasizoweza kuzitamka. Hapa Bagamoyo tuna TaSUBa, chuo chenye vijana wanaojua kuigiza, kupiga ngoma, kuchora na kujenga jukwaa. Nina imani nao kubwa, na kwa sababu hiyo nitasema wazi ninayoyaona.

Filamu zetu nyingi za upelelezi zinatangaza upelelezi bila kuufanya. Kachero anavaa miwani, anaendesha gari, anapiga watu, halafu mtu anajitokeza na kusema yote mwenyewe, au mganga anatoa jibu, au polisi wanafika dakika ya mwisho bila kuonyeshwa walijuaje. Kwa miaka mingi soko la diski lilidai hadithi igawanywe sehemu ya kwanza na ya pili, na kwa hiyo watu wakakaa sebuleni wakigombana ili dakika zijae. Hiyo ilikuwa hasara kubwa. Saa moja inatosha kwa fumbo moja, ikiwa kila mlango unaogongwa unaongeza jambo. Mtazamaji apewe ushahidi uleule alionao kachero, auone kabla ya kachero kuueleza, ajaribu kuufumbua mwenyewe. Hiyo ndiyo adabu ya kazi hii, na haigharimu shilingi. Inagharimu mwandishi kukaa na muswada wake miezi kadhaa kabla kamera haijakodiwa. Kinachogharimu fedha kweli ni sauti, na hapo nawasihi msibane: filamu ya upelelezi ikiwa mtazamaji hasikii maneno, ushahidi umepotea.

Mada hazina mwisho. Pwani yote kuanzia Mbweni hadi Saadani ina zile tunazoziita bandari bubu, na kila mtu wa hapa anajua kwamba usiku kuna vyombo vinavyoshusha sukari, mchele na mafuta ya kula bila kupita forodhani, na kwamba boriti za mikoko huondoka bila kibali. Sitaji kijiji, na mwandishi naye asitaje, abuni chake. Kijana mbeba mizigo anakutwa mikokoni alfajiri, maji yakiwa yamekupwa. Mapajani ana alama ya kamba. Mjumbe anaitwa, askari anakuja na bodaboda, nahodha anasema hakuingia majini usiku ule. Lakini maji yalijaa saa ngapi? Kila mvuvi anayetazama atajua jibu kabla ya askari, kwa sababu hesabu ya bamvua anayo kichwani, na atakaa wima kwenye kiti chake. Hakuna mwongozaji wa Ealing ambaye angeweza kuandika hilo.

Hapo filamu iwe imefika nusu. Nusu inayobaki ndiyo ninayoililia. Mzigo ule ulipanda lori gani? Lori lilipita Msata au lilipita Bunju? Nani alilipia, kwa simu au kwa fedha mkononi, na duka lake la jumla lina jina gani mlangoni? Mwaka 2016 ilitoka filamu ya hali halisi, The Ivory Game, ambayo sehemu yake inawafuata wapelelezi wa Kitanzania wakimsaka jangili mkubwa wa pembe, na haikuogopa kuvuka bahari hadi kwenye maduka ya China yanakouzwa. Ilitengenezwa wakati nchi yetu ilikuwa imeshtuka: sensa ya mwaka 2009 ilihesabu tembo wapatao 109,000 Tanzania nzima, na ile ya 2014 ikakuta 43,000 na kidogo. Majangili waliofyatua risasi walikuwa maskini wa vijijini na tuliwaona wakipandishwa mahakamani. Yule aliyeweka pembe sebuleni kwake nchi ya mbali hakujua hata jina la pori.

Kwa hiyo, nyinyi vijana mnaonisikiliza na mna muswada mezani au kichwani, kibali cha Bodi ya Filamu kitatafutwa, gari la kuazima litapatikana, na wazee wa hapa watakubali kuigiza wakielezwa vizuri. Msimfunge nahodha mkasema imekwisha. Msimfunge hata mwenye lori. Wekeni akiba ya dakika kumi za mwisho kwa ajili ya yule aliyelipa: kachero afike mlangoni kwake mchana kweupe, akaribishwe ndani, aketi, atoe daftari, na amuulize alijua nini na alikijua tangu lini.